Kupe Ishirini Katika Sikio la Rateng'

Jumatatu, 6 Mei 1974. Mamboleo.

Ng'ombe amefika. Mama mkwe naye amefika. Sijui ni nani kati yao ananitisha zaidi.

Wametembea siku mbili kutoka Kombewa, Mama nyuma na fimbo, ng'ombe mbele. Ng'ombe anaitwa Rateng'. Mweusi kabisa, ana mimba ya miezi mitano. Walikuwa wanne kule nyumbani. Watatu wamekufa tangu Krismasi kwa homa ya kupe, na huyu ndiye wa mwisho. Akifa, zizi la Mama litabaki na kinyesi kikavu tu.

Kwa nini amemleta kwangu? Barua yangu! Mwaka jana niliwaandikia wakwe kwamba nafanya kazi na madaktari wa ng'ombe katika kituo cha utafiti, na kwamba mimi ni msaidizi. Sikusema msaidizi wa nini. Naosha vichupa. Nashona pia mifuko ya kitambaa, ile inayogundishwa kwenye masikio ya ng'ombe ili kupe wa utafiti wanyonye humo bila kupotea. Nashona vizuri, hata Daktari amesema. Lakini kule kwao, Seme nzima, sasa wanajua kwamba mkwe wa Mama Benta, Laban Walubengo, ni daktari.

Mama hawezi kulala kwangu. Ni mwiko kwa Wajaluo na kwetu Bukusu pia. Analala kwa dada yake ng'ambo ya barabara, na kila jioni saa kumi na moja atakuja kumwona ng'ombe wake. Mimi na yeye hatushikani mikono wala hatutazamani usoni. Lornah, mke wangu, anasimama katikati akipeleka maneno, Kiswahili huku, Dholuo kule. Leo Mama ameuliza kupitia Lornah kama ng'ombe atapona. Nikajibu kupitia Lornah kwamba ng'ombe si mgonjwa. Mama akasema hata wale watatu hawakuwa wagonjwa mwanzoni. Nikaingia ndani nikaketi kitandani.

Tom Obiero wa josho akapita wakati huo huo. Akasema nimlete Rateng' Alhamisi achovywe kwenye dawa kama ng'ombe wa watu wote, na "daktari wa vichupa" asijifanye. Mama hakuelewa. Lornah alielewa, na alicheka. Basi imekwisha. Rateng' hatakanyaga josho la Obiero.


Jumanne, 7 Mei

Nimepata!

Daktari Wabwire, mkubwa wetu, alikuwa na wageni kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa chini ya meza nikiokota vioo (kichupa kilivunjika, kilikuwa kimewekwa vibaya). Nikasikia yote. Ile dawa wanayoijaribu inatoka katika ukoo wa dawa za malaria. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu, na sasa wanaangalia kama itafaa ng'ombe wenye homa ya kupe. Daktari akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma Biblia, kwamba inaua wadudu.

Wadudu! Na kupe ni nini kama si mdudu?

Ushahidi ninao. Mwezi wa tatu nilishikwa na malaria, nikameza klorokwini, na kesho yake nikakuta kupe amekufa kwenye paja langu. Ni kweli nilikuwa nimemkalia. Lakini nimewahi kuwakalia kupe wengine na hawakufa namna ile.

Mpango ni huu. Rateng' apewe klorokwini, kupe waanguke hadharani, Mama mkwe aone kwa macho yake, na Obiero afunge josho aanze kufuga kuku. Daktari Wabwire alisoma ng'ambo miaka sita. Mimi nimeyapata chini ya meza.


Jumatano, 8 Mei

Dukani klorokwini hakuna. Mvua imeleta malaria kila nyumba. Nikaenda dispensari nikitetemeka, na nilitetemeka vizuri. Nesi akanipa vidonge vinne, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Nilimeza viwili. Viwili nikavificha chini ya ulimi. Uchungu wake hauelezeki. Machozi yakanitoka, na nesi akaona nimezidiwa, akanichoma sindano pia.

Faida: vidonge viwili, vimelowa.

Halafu klorokwini ikaanza kuniwasha. Mgongo, nyayo, mpaka ndani ya masikio. Nikaogopa kwamba nimetoka na kupe kazini. Nikavua nguo zote nyuma ya nyumba ili nijikague. Nilisahau saa. Mama mkwe akatokea kona. Nilipita katikati ya maharagwe ya jirani nikiwa uchi, na sijui aliona kiasi gani. Lornah amekataa kuniambia. Sijawahi kuogopa hivi tangu nikiwa mtoto.


Alhamisi, 9 Mei

Tatizo jipya. Rateng' ana kupe watatu tu. Mama humchambua kwa vidole kila jioni na kuwapasua juu ya jiwe. Kupe watatu hawawezi kumwaibisha Obiero.

Kazini kupe wako tele. Kwenye rafu kuna vichupa vyenye vizibo vyeupe na vichupa vyenye vizibo vyekundu. Tofauti yake sijawahi kuuliza, maana mfanyakazi mzuri haulizi ovyo. Vyekundu vilikuwa karibu. Nikachukua kimoja, kupe ishirini, nikakitia ndani ya soksi.

Mfuko nimeushona mwenyewe, kazi safi, mshono maradufu. Nikaugundisha kwenye sikio la kushoto la Rateng' na kupe wote ndani. Jioni Mama akauliza kupitia Lornah ni kitu gani kile. Nikasema ni mfuko wa dawa. Mama akasema asante.


Jumamosi, 11 Mei

Jana nilikwenda dispensari ya pili, leo ya tatu. Sasa nina vidonge tisa na ulimi mweupe. Rateng' hataki. Nimeficha kidonge ndani ya ndizi, akala ndizi akatema kidonge. Ndani ya ugali, vilevile. Ndani ya sukari nguru akakubali, kisha akanikoholea usoni. Vidonge vitatu vimeingia. Kimoja nadhani nimemeza mimi.


Jumanne, 14 Mei

Ushindi!

Nimefungua mfuko mbele ya watu kumi na wawili. Kupe wameanguka! Wote! Walikuwa chini ndani ya mfuko, wamevimba kama maharagwe, hakuna hata mmoja aliyeshika sikio. Nikawainua juu mmoja mmoja. Mama mkwe alisimama mbali, amejifunika leso mdomoni. Lornah akaniletea chai bila kuombwa.

Kisha Obiero, ambaye hakualikwa, akauliza kwa upole kama nimewahi kumwona mtu aliyeshiba akibaki mezani. Akasema kupe akijaa damu anaachia mwenyewe, siku tano au sita, na hata anayechunga mbuzi anajua. Watu wakacheka. Wivu tu. Nilimwambia tarehe ya vidonge na tarehe ya kuanguka zimefuatana. Akapandisha mabega akaenda zake.


Jumatano, 15 Mei

Niandike taratibu.

Asubuhi Daktari Wabwire alitukusanya. Kichupa kimoja chenye kizibo chekundu hakionekani. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Akaeleza kwa wasiojua: kizibo cheupe, kupe safi. Kizibo chekundu, kupe waliolishwa kwa ng'ombe mgonjwa. Hao wamebeba homa. Wakimnyonya ng'ombe mzima, kuanzia siku ya nane tezi iliyo chini ya sikio inavimba, joto linapanda, na wengi hawafiki siku ya ishirini na tano. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Nilikuwa na la kusema. Mdomo ulifunguka, nikapiga chafya.

Nimehesabu kwa vidole. Siku ya nane ni keshokutwa. Ee Mungu, ng'ombe wa mwisho wa yule mama. Alitembea siku mbili kunikimbizia ng'ombe asiumwe na kupe, na mimi nimemwekea kupe sikioni kwa gundi.


Ijumaa, 17 Mei

Nimepapasa chini ya sikio mara saba leo. Hakuna kitu. Au kipo. Nikajipapasa mwenyewe ili nilinganishe, na mimi nina uvimbe. Nikampapasa Lornah, akaniuliza kama nimeanza pombe.

Jioni Mama mkwe ametuma swali kupitia Lornah. Anauliza kwa nini baba wa nyumba anamkaba ng'ombe koo. Nikajibu kwamba ni uchunguzi. Mama akasema kwa kuwa ng'ombe sasa hana kupe, atarudi naye Kombewa Jumanne. Lornah alipomaliza kunitafsiria akatabasamu, maana mama yake ameniita mkwe mwema. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Vidonge vilivyobaki nimempa vyote. Hata kama si kwa kupe, labda kwa bahati.


Jumapili, 19 Mei

Imevimba. Kubwa kama yai la kuku, chini ya sikio la kushoto, upande wa mfuko wangu.

Nimeleta kipimajoto cha kazini. Digrii arobaini na nusu. Nimepima tena: arobaini na nusu na kidogo. Rateng' hakula. Amesimama amening'iniza kichwa, na nilipomgusa aliniangalia bila kusogea. Kanisani sikwenda. Niliona nikiingia nitasema yote kwa sauti wakati wa sala.

Lornah ameuliza kama ng'ombe ana nini. Nikasema jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Naogopa. Naandika wazi kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Naogopa ng'ombe kufa, naogopa kufukuzwa kazi, lakini zaidi naogopa uso wa Lornah siku atakapojua. Mama mkwe sitakiwi kumtazama. Lornah nitamtazama kila siku.

Kuna mpango. Kesho alfajiri nitamwingiza Rateng' kituoni, katikati ya ng'ombe wa utafiti wanaochomwa dawa. Ng'ombe mweusi mmoja zaidi, nani atahesabu? Atachomwa sindano pamoja na wengine, kisha nimtoe jioni. Hakuna atakayejua. Mpango huu hauna kasoro.


Jumatatu, 20 Mei

Daktari Wabwire anahesabu.

Nilimwingiza Rateng' saa kumi na mbili, zizi la kulia, maana lango lake lilikuwa karibu. Saa mbili Daktari akaja na karatasi. Akahesabu kumi na tano, kisha kumi na sita. Akasafisha miwani. Kumi na sita. Nikajifanya nafagia. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, sindano zinaanza saa ngapi. Akasema sindano ni za zizi la kushoto. Zizi la kulia hawapewi dawa hata kidogo. Hao wanaachwa na ugonjwa wao na kuangaliwa tu mpaka mwisho, ili ijulikane dawa imefanya nini kwa wale wengine.

Ufagio ulianguka. Sikuuangusha mimi, vidole viliachia.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke langoni. Mama mkwe! Alikwenda kumwona ng'ombe wake mapema, akakuta kamba tupu, akafuata nyayo kwenye tope mpaka hapa. Lornah nyuma yake, anahema. Nikajificha nyuma ya hori la nyasi.

Daktari akauliza ng'ombe huyu ni wa nani. Mama akajibu, Lornah akatafsiri. Daktari akauliza amefikaje humu. Wote wakatazama hori. Miguu yangu ilikuwa inaonekana.

Nikatoka nikiwa nimeinamisha macho, maana Mama alikuwa pale. Daktari akasema niseme. Sikuweza kusema mbele ya Mama. Nikamnong'oneza Lornah, naye akapeleka, Kiswahili kwa Daktari, Dholuo kwa mama yake, kama alivyozoea.

Nikanong'ona kwamba ile siku ya Alhamisi nilichukua kichupa. Lornah akasema, mume wangu alichukua kichupa. Nikanong'ona kwamba kilikuwa na kupe. Akasema, kilikuwa na kupe. Nikanong'ona kwamba niliwatia katika sikio la Rateng'. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanigeukia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Laban, unataka mimi nimwambie Mama hivyo?"

Akamwambia. Sijui alitumia maneno gani, Dholuo changu ni cha sokoni, lakini nilisikia jina la Rateng' na nikasikia Mama akivuta pumzi. Hakupiga kelele. Alikwenda akamshika ng'ombe wake pembe, akasimama naye tu.

Nilijitetea. Nilimwambia Daktari ni yeye aliyesema dawa ya malaria inaua wadudu. Akasema alikuwa na maana ya wadudu walio ndani ya damu, wadogo, wasioonekana bila hadubini. Wa malaria na wa homa hii wanafanana, ndiyo sababu ya kujaribu dawa ya aina ile. Kupe huwabeba tu. Klorokwini haimfanyi kupe chochote. Na kupe akishiba huanguka mwenyewe.

Basi kwa nini anawaita wadudu kama hawaonekani? Hilo nilifikiri tu, sikusema.

Daktari akavaa glavu. Akasema utafiti hauruhusu ng'ombe wa nje, kisha akamhamishia Rateng' zizi la kushoto yeye mwenyewe. Akamweleza Mama kupitia Lornah kwamba dawa bado inajaribiwa. Inaweza kumponya, inaweza isimponye. Mama akasema achome. Sindano ilikuwa ndefu kama kidole changu cha kati. Mama hakufumba macho. Mimi nilifumba.


Jumatano, 22 Mei

Lornah anapika, anaweka sahani, anatoka. Siku mbili hajasema neno ambalo si la lazima. Mimi na yeye sasa tunaishi kama mimi na mama yake, ila hapana mtu wa kusimama katikati.

Rateng' digrii arobaini kamili. Mama anashinda zizini tangu asubuhi, ameketi juu ya debe. Nami hapo sipiti. Napima joto kwa kumwomba mlinzi apime, kisha anionyeshe kipimajoto kwa mbali.

Obiero amekuja na mzigo wa nyasi mbichi kwa ajili ya ng'ombe. Hakunicheka. Ingekuwa bora angenicheka.


Alhamisi, 23 Mei

Thelathini na tisa na nusu. Amekunywa maji. Nimekaa nyuma ya ghala nikalia, na sioni haya kuandika.


Jumamosi, 25 Mei

Thelathini na nane na nusu! Tezi imerudi ndani. Amekula nyasi zote za Obiero na kipande cha kanzu ya mlinzi. Daktari amempapasa tumbo na kusema ndama bado yuko, anapiga teke. Mama mkwe akamshika Daktari mikono yote miwili, akasema ero kamano, yaani asante, mpaka Daktari akaona aibu.

Sikufukuzwa kazi. Daktari amesema hakuna mwingine anayeshona mifuko kama mimi. Ila ameweka barua katika faili langu, na vichupa sitagusa tena. Kuanzia Jumatatu nafagia ofisi na kufuta vumbi kwenye kabati la dawa.

Saa nane Mama akaondoka na Rateng' kurudi Kombewa. Lornah ameondoka naye. Alikuwa na sanduku. Nikauliza sanduku la nini kwa safari ya kusindikiza ng'ombe. Akasema hasindikizi. Anakwenda kukaa na mama yake, kumwangalia Rateng' mpaka azae, kwa sababu yeye haamini tena mtu mwingine kumwangalia. Nikauliza atarudi lini. Akasema ng'ombe akizaa.

Nikamwomba amwambie Mama kwamba ninaomba msamaha. Akamwambia. Mama akajibu maneno machache. Nikauliza amesemaje. Lornah akasema safari hii hatatafsiri. Wakaenda, na mimi nikabaki langoni mpaka sikuona tena hata mkia wa ng'ombe.


Jumatatu, 27 Mei

Nyumba kimya. Nimepika uji, umeungua. Nimekula.

Nimepiga hesabu mara mbili. Ng'ombe hubeba miezi tisa. Rateng' ana mitano na wiki tatu. Miezi mitatu na zaidi kabla Lornah hajarudi! Mtu hawezi kula uji wa kuungua miezi mitatu.

Nimefikiri sana juu ya makosa yangu, na nimeyaona. Kosa lilikuwa kutumia dawa ya watu. Ningetumia ya ng'ombe tangu mwanzo, haya yote yasingetokea.

Leo nilipokuwa nafuta kabati la Daktari nimeona chupa ndogo, rafu ya pili, nyuma ya pamba. Nimesoma karatasi yake polepole nikielewa karibu yote. Ni dawa ya kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa. Na Rateng' amekwama, maana mpaka leo hajazaa.

Basi la Kombewa linaondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Ile soksi ya kichupa nimeshafua.